Kwa Koku, Niliyemfanya Mgeni Miezi Minane

Mwanangu Koku,

Nimetoka kwenye mafunzo ya walezi wa kambo hapa Bukoba. Nilikwenda nikijua nitawafundisha wenzangu.

Unakumbuka afisa ustawi alivyokuleta kwangu Hamugembe na begi lako la shule? Nilikupa kiti kizuri. Nikakuletea na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu, mtoto wa miaka kumi, kama vile umekuja kuposa. Ndivyo tunavyompokea mtu kwetu. Kosa langu, sikuacha. Kila ukishika kisu umenye ndizi nakunyang'anya: "Weka, mwanangu, wewe kaa." Wanangu wakafagia, wakapalilia migomba, wakanuna. Wewe ukakaa. Siku moja ukaniuliza, "Mama, mimi naondoka lini?" Nikakuongezea samaki.

Ulipokwenda kwa shangazi yako kule Ijumbi ulinishukuru kwa ukarimu, kwa adabu kabisa. Nilijivuna wiki nzima.

Basi juzi tumekaa mduara, walezi, walimu, muuguzi mmoja. Mwezeshaji akataka kila mlezi ataje kazi ya mtoto wake nyumbani. Mmoja akasema wake huunguza maharage kila Jumamosi, na wanayala hivyo hivyo. Zamu yangu nikainua kidevu: "Wangu hakugusa hata ufagio, miezi minane."

Mama Shani, aliyelea watoto wengi wa watu kuliko wake, akanitazama. "Minane! Mwenzangu, si wanasema siku ya tatu mpe jembe?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha akasema taratibu, "Mtoto asiye na kazi nyumbani anajua hapo si kwao. Anangoja kuaga tu."

Koku, kicheko kilinikaukia mdomoni. Methali ile naijua tangu utotoni. Nilidhani inawahusu mashemeji wavivu. Muuguzi akaniletea maji, nikayamwaga yote mapajani. Kumbe hukuwa na hamu ya kuondoka. Ulikuwa unauliza kama unaruhusiwa kubaki, na mimi nikakujibu kwa samaki!

Afisa ustawi anasema shangazi yako anaumwa na hawezi kuendelea kukulea, na kwamba utaulizwa unataka kukaa wapi. Chagua mwenyewe, sitakushawishi. Haya, nakushawishi kidogo. Ila ukija, usipige hodi. Pitia mlango wa jikoni, na ukikuta vyombo vichafu, ni vyako.

Mama yako wa Hamugembe, kama bado unanikubali