Jiko la Paskalina

Jumapili, Ganako

Leo nimetafuta chumvi kwenye jiko langu mwenyewe nikaikosa.

Hotelini Ngorongoro napewa siku moja ya kuja nyumbani kila baada ya wiki mbili. Nilipanga nifue, nideki, nipike. Nikakuta binti yangu Paskalina, ninayemwacha na bibi yake, ameshamaliza yote na vyombo amevihamisha.

"Kaa tu, mama. Mimi najua vilipo."

Alipoenda kwaya nikaanza kuvirudisha nilivyozoea. Kisha nikakumbuka kesho anayepika ni yeye, nikaviacha alivyoviweka.

Ningepaswa kufurahi. Nimekaa kwenye kochi, mikono haina kazi.

Aliporudi akanimiminia chai, akaniuliza huwa naweka sukari vijiko vingapi.