Kikwembe cha Mama Nje ya Dirisha

Kaka yangu mpendwa huko Louisville,

Simu hupokei, meseji unazisoma na kunyamaza, kwa hiyo nakuandikia mbele ya watu wote. Ukiona aibu, vizuri, ndicho ninachotaka.

Unakumbuka kiangazi kile cha Columbus, nyumba yetu ya zamani mtaani Northland, kiyoyozi kilipokufa na mwenye nyumba akatuahidi fundi asiyetokea? Nilifunga mapazia, ukanicheka. "Pazia la ndani halisaidii kitu, joto limeshaingia. Kivuli kinawekwa nje." Ukachukua kikwembe cha Mama, kile kitenge chake, ukakifunga kwenye mpini wa fagio, ukakisukuma nje ya dirisha hadi kikatanda. Huku unahangaika nacho ukanisimulia habari za Skylab, kituo cha kwanza cha Wamarekani angani. Kiliporushwa, ngao yake ya joto iling'oka, bawa moja la umeme wa jua likapotea, jingine likakwama, ndani kukawa hakukaliki. Wanaanga wakapelekwa wakiwa na mwavuli wa kitambaa, wakaupenyeza kwenye kitundu cha ukutani, ukafunguka upande wa jua. Joto likashuka. Baadaye wakatoka nje, wakalikwamua lile bawa.

Mama alitoka kazini akakuta sare yake ya kwaya inapepea juu ya maegesho ya magari.

"Weye mutoto! Hii ni kikwembe yangu ya chorale! Donc, dimanche kanisani nitavaa nini?"

Alipoingia sebuleni akakuta kumepoa, akavua viatu, akaketi. "Bon. Muiache kwanza."

Jumapili aliimba na kikwembe kilichopauka upande mmoja, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba mtoto wake ni injinia. Ulikuwa hujamaliza hata sekondari.

Sasa umefeli somo moja chuoni, tena la joto, wewe! Na umeandika kwenye kundi la familia kwamba mambo ya anga si ya watu kama sisi, utabaki na kazi yako ya ghalani. Kazi ya ghala siidharau. Mimi mwenyewe niko kiwandani Tonawanda na najivunia. Ninachokikataa ni hiyo sababu yako.

Ni wewe uliyenieleza kwamba watu wa kwanza kutumwa kwenye kituo cha kwanza kabisa, kile cha Wasovieti, walifika hadi mlangoni wakashindwa kuingia, wakarudi. Waliofuata waliingia, wakaishi humo zaidi ya wiki tatu, wakafa njiani kurudi duniani. Nililia. Ukaniambia chombo kilitengenezwa upya na wengine wakapanda. Katika hadithi zako zote, kaka, sijasikia hata moja ambayo mambo yalinyooka mara ya kwanza.

Nimekukumbuka na nimekukasirikia, vyote kwa pamoja. Hapa Cheektowaga Mama anakuulizia kila tukikaa kula. Jana aliniuliza tena, "Kaka yako ataanza lini masomo?" Nikamwambia somo lile unalirudia Januari, umeshajiandikisha. Akapiga magoti palepale jikoni, akamshukuru Mungu kwa sauti ambayo majirani waliisikia.

Usajili haujafungwa, nimeuliza. Kama nimemdanganya Mama, njoo umwambie wewe mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, ambaye sina wasiwasi hata kidogo.