Kadi Iliyokaa Mfukoni mwa Harlan

Bi. Borghild mpendwa,

Miaka yote nimesoma safu yako gazetini nikiwacheka wanaokuandikia, leo zamu imenifikia na sina pengine pa kwenda, naomba unisaidie. Majina nimeyabadilisha, ingawa anayetujua atatujua tu.

Mume wangu, nitamwita Harlan, ni mbunge katika Bunge la jimbo letu mwaka wa ishirini na nane sasa, si wale wa Washington wenye walinzi, ni hawa wetu wa hapa, analima ngano na alizeti miezi tisa, na miezi mitatu ya theluji anakwenda mji mkuu wa jimbo kukaa Bungeni, nami nakwenda naye kwa sababu ndimi karani wake, wake wengi wa wabunge huku tunafanya hivyo, tunapanga chumba kimoja chenye jiko dogo tunaishi kwa supu na mkate mpaka Bunge lifungwe. Mtu huyu alizijua kanuni za Bunge kumshinda Spika. Alimjua kila mpiga kura wake kwa jina, na mbwa wake pia.

Misimu mitatu nyuma akaanza kupotea, mwanzo ilikuwa miwani, na nani hasahau miwani, kisha jina la binti yetu Kirsten, ambaye anaishi mbali na mpaka leo namwambia baba yake amechoka tu, kisha siku moja akaniuliza leo Bungeni wanajadili nini, na ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuzungumza yeye mwenyewe. Hapo nikamtengenezea kadi. Kila asubuhi naandika kura ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa ratiba ya siku, na kando ya kila moja nachora duara la kijani au jekundu, maana mezani kwao kuna vitufe viwili, kijani ni ndiyo na chekundu ni hapana, kisha naitia kwenye mfuko wa kushoto wa koti lake naye anaifuata. Mwanzoni nilichora yale tuliyokubaliana. Baadaye hapakuwa na mtu wa kukubaliana naye, nikawa nachora nionavyo mimi. Na hili pia nakuungamia, kazi ile niliipenda, nilisoma miswada mpaka macho yakauma, najiambia nawatumikia watu, na hakuna hata mmoja aliyenichagua.

Wenzake walijua. Delmar anayekaa kiti cha pembeni yake, wa chama pinzani tena, alikuwa akimgusa kiwiko kura ikifika. Hakuna aliyesema neno kwa sababu wote wanampenda.

Mwezi wa pili ukaletwa mswada wa kufunga shule za vijijini zenye watoto chini ya sitini. Yetu ina arobaini na mmoja, na Harlan aliwaahidi watu kwenye chakula cha kanisani, amesimama na sahani yake ya viazi, kwamba shule ile haitafungwa yeye akiwa hai. Kadi niliichora sawasawa, duara jekundu, nikaitia mfukoni. Basi asubuhi ile akajimwagia kahawa, akavua koti akavaa la jana, mimi niko nje nawasha gari lipate joto, sikuona, na mfukoni mwa koti la jana mlikuwa na kadi ya jana, yenye duara la kijani. Nilikuwa juu kwenye viti vya wageni nilipoona jina lake ubaoni limewaka kijani. Thelathini na sita kwa thelathini na nne, Bi. Borghild, angebonyeza chekundu kura zingelingana na mswada ungeanguka.

Mbunge aliyekosea kitufe anaruhusiwa kusimama baadaye na kusema amekosea, inaandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge, matokeo hayabadiliki lakini jina lake linasafika. Nikampelekea Delmar kikaratasi, Delmar akamnong'oneza, Harlan akasimama. Akatoa hotuba ya kuitetea shule yetu, ileile aliyoitoa miaka ishirini iliyopita, neno kwa neno, kwa ile sauti yake nzuri ya zamani, na mwisho akawaomba waheshimiwa wapige kura ya hapana. Mswada ulikuwa umepita dakika kumi nyuma. Wabunge wakaangalia viatu vyao. Spika akasema asante mheshimiwa, akauita mswada unaofuata.

Bunge lilipofungwa, tukiwa njiani kurudi nyumbani, maili mia mbili za theluji, akanigeukia akasema, "Ardis, nani anapiga kura yangu?" Nikamwambia, "Wewe, Harlan." Akasema, "Haya." Lakini hilo ni la pembeni.

Linalonitesa ni kwamba watu hawakukasirika. Nilijiandaa kutukanwa. Pale mgahawani Vernice, anayetumiminia kahawa miaka yote, alisema tu, "Kama Harlan mwenyewe kakubali, ujue hapakuwa na njia." Basi wakaacha hata ule mpango wao wa kwenda kuandamana, wakaanza kuulizana basi la watoto litapita saa ngapi. Shule inafungwa mwezi wa tano. Na juzi Solveig, mwalimu wa shule hiyohiyo, alikuja na mikate ya mdalasini, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema, "Mama, mzee anarudisha fomu? Kama anagombea, mimi sisimami dhidi yake, yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha trekta. Ila kama hagombei, naomba nijue mapema." Nikamwambia anagombea.

Fomu ziko kwenye droo, saini za wadhamini zimetimia, mwisho wa kuzirudisha ni tarehe thelathini na moja. Harlan hajui hata kama kuna uchaguzi. Nyumbani anashinda dirishani, shati kalifunga vifungo kombo. Lakini nikimvalisha suti, na kile kibati chenye jina lake kifuani, anaketi wima na anakuwa yule niliyeolewa naye. Akitoka kwenye kiti kile mimi nabaki na nini? Nizirudishe fomu mara hii moja ya mwisho, au nifanyeje?

Ni mimi,
Karani wa Mheshimiwa

* * *

Karani,

Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote kwa sababu ya hiyo tarehe, na jibu la swali lako ni fupi. Usizirudishe fomu. Zitie kwenye jiko.

Pole sana. Nakupa pole mapema kwa sababu yanayofuata hayatakupendeza. Mama yangu alifariki akiniita kwa jina la dada yake, kwa hiyo usidhani nakuandikia nikiwa nje ya nyumba hiyo.

Lakini umekosa, mama, na usijifunike mapenzi. Kura ile haikuwa ya Harlan wala haikuwa yako, ilikuwa ya watu waliokula naye viazi kanisani. Unalaumu kahawa na koti. Ingekuwa si koti lile lingekuwa koti jingine. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe yamekuumbua mbele ya Bunge zima, taa ya kijani ikiwaka. Na huyo Delmar na wenzake, kama wanasoma, wasijione wamepona. Walimpenda mwenzao wakamwacha azame kwa adabu.

Sasa mpigie simu Solveig kesho, usipitishe siku. Mwambie Harlan hagombei na kwamba ulimdanganya. Siku zilizobaki zinatosha kukusanya saini, hasa akizunguka na mtu anayejua kila mlango wa wilaya ile, na mtu huyo ni wewe. Mchukue na Harlan garini, atafurahi kuona watu. Mpigie na Kirsten, umemnyang'anya miaka mitatu ya baba yake. Mpeleke mumeo kwa daktari. Na kabla hujamwandikia Spika kwamba Harlan anaachia kiti, kaonane na wakili, kwa sababu kadi zile kuna watakaoziita kosa la jinai, nami siwezi kukuapia kwamba watakuwa wamekosea.

Jumapili nenda kanisani ukawaambie. Hili ndilo litakalokuuma zaidi. Wale watu wamekunja mikono kwa sababu wanaamini Harlan alipima akaona shule haifai. Hakupima chochote. Wana haki ya kulijua hilo kabla ya mwezi wa tano, wapate kugombana kama wanavyogombana watu wengine. Shule inaweza kufungwa vilevile, sikufichi, na wengine hawatakusalimu tena dukani. Utavumilia.

Nimebakisha lile uliloliita la pembeni. Nimelisoma mara nne. Mtu aliyepotea namna ile alipata dakika moja ya kuwa mzima, akaitumia kukuuliza jambo la kweli kabisa, nawe ukamwongopea. Unaniuliza utabaki na nini akitoka kwenye kiti. Utabaki na mwanamume aliyeuliza swali lile. Hakuhitaji suti wala kibati kuliuliza.

Kwa hiyo kabla ya Solveig, kabla ya wakili, kesho asubuhi akishakunywa uji wake na kichwa chake kikiwa bado chepesi, keti mbele yake umjibu. Mwambie, "Harlan, nilikuwa mimi." Huenda akakasirika, huenda akalia, huenda akasema haya. Kufika mchana atakuwa amesahau, na siku moja atakuuliza tena.

Mjibu hivyohivyo.

Bi. Borghild