Leso Yako Iliingia Leba

Voi,
Jumapili jioni.

Mwaitu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao ambaye leo, kwa mara ya kwanza wiki hii, amekula akashiba. Goti lako linasemaje? Na ndengu, ndovu wamekubakishia chochote? Nasikia barabara ya Kasigau bado haipitiki, na kwamba unaigombeza mvua kila asubuhi kama jirani mkorofi. Sisi huku tu wazima, na sasa tu watatu.

Najua jirani yako Immaculate alikupa habari kwa simu yake: ni msichana, amezaliwa salama, tena kwa njia ya kawaida. Lakini simu ya Immaculate husikilizwa na kijiji kizima, ndiyo maana nimekaa chini kuandika. Soma mwenyewe, hata kama ni polepole. Usimpe yeye akusomee.

Hofu ya Kavinya unaijua. Mama yake, marehemu Kalondu, alimzaa vizuri, mtoto akalia, watu wakafurahi, halafu damu ikakataa kusimama. Miezi yote hii mke wangu aliishi kama mtu anayengoja hukumu. Wewe ndiwe uliyemwahidi kwamba utasimama naye mahali pa mama yake, na ulipotanguliza ile leso yako ya manjano alilala nayo. Kisha mvua ikakata barabara, na mtoto hakukungoja.

Uchungu ulimwanza asubuhi akiosha vyombo. Nami nikafanya ulivyotufundisha tangu utoto, kwamba maumivu ya kwanza tu yakisikika, watu waondoke. Nikabeba mfuko na leso, tukaenda mbio mpaka kliniki. Sista wa zamu, anaitwa Everlyne, akampima, akasema njia ndiyo kwanza inaanza kufunguka. Akauliza tunaishi wapi. Nilipomwambia ni hapo nyuma ya soko, akauliza basi nyumbani kwetu hasa ni wapi. Kusikia Kasigau akacheka sana. Alisema watu wa Kasigau huwajua kwa mbio zao, kwa sababu wamezoea kuogopa barabara, hata wakihamia mjini bado wanaikimbia.

Hakutufukuza lakini. Alimkalisha Kavinya akamweleza kwamba uchungu si ugonjwa. Kila unapobana, nyumba ya mtoto inavuta mlango wake ufunguke kidogo, kisha inaachia ili mama apumzike. Kwa mzaliwa wa kwanza kazi hiyo huenda taratibu. Akasema twende nyumbani, ale, anywe, atembee, na turudi uchungu ukishakaribiana na kuwa mkali hata asiweze kuzungumza, au maji yakipasuka. Na damu ikitoka, tusingoje chochote.

Basi akatembea. Alizunguka ploti yetu akishika tangi la maji kila uchungu ulipokuja, na ulipoondoka alinicheka nilivyokuwa nikimfuata na kiti. Alikula chapati. Mimi sikuweza kumeza hata chai, nakwambia ukweli. Nilikwenda kuchomelea geti la mtu ili nitulie, nikaliunga kinyume, bawaba zikawa upande wa kufuli. Jua lilipokuwa kali maji yakapasuka, na utani ukaisha. Safari hii hatukukimbia. Tulikwenda tukisimama, tukitembea, na mama mboga wote wakituombea.

Sasa hapa ndipo sikutaka Immaculate afike. Sista Everlyne aliuliza nani atakayeingia naye leba. Nilitazama huku na huku nikitafuta mwanamke yeyote wa kwetu. Kavinya akasema ni huyu, akaninyooshea kidole. Najua mambo haya kwetu si ya wanaume, Mwaitu, na baba angekuwepo angesema mengi. Niliingia. Nilijifunga leso yako kiunoni, naye akaing'ang'ania kila uchungu ulipobana, mpaka upindo ukachanika. Utanisamehe.

Aliambiwa asisukume mpaka mwili wenyewe uanze, na ulipoanza hakuhitaji kuambiwa. Alipiga magoti kitandani akaguna sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kichwa kilichungulia kikarudi, kikachungulia tena kikarudi, nikadhani mtoto amekwama. Sista akanituliza, akasema ndivyo kinavyopanua njia bila kumchana mama. Akamwambia apumue kama anayepoza uji. Mara mtoto akateleza mwili wote, akalia, akawekwa kifuani kwa mama yake na kitovu kikiwa bado hakijakatwa.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Kavinya hakufurahi. Alikuwa amemshika mtoto huku akitazama miguu yake mwenyewe, na nikakumbuka kwamba kwake hapo ndipo hadithi ya mama yake iliishia. Sista alikuwa amemdunga sindano pajani ya kukaza nyumba ya mtoto. Kondo la nyuma likatoka, akaligeuza akalikagua, akalibonyeza tumbo la Kavinya na kungoja. Kavinya aliuliza kama kondo limetoka lote. Akajibiwa kwamba limetoka lote, tumbo limekaza, damu ni ile ya kawaida. Akauliza tena, akajibiwa vilevile bila kukaripiwa. Ndipo alipolia, Mwaitu, kilio cha mtu aliyetua mzigo, nami nikalia naye, nikafuta machozi kwa leso yako.

Na alipotulia aliniomba kitu ambacho hakikuwa changu kutoa. Msichana wa kwanza ni Mwelu, jina lako, hilo kila mtu wa kwetu analijua, na najua ulikuwa umeshaanza kumwita hivyo akiwa tumboni. Tumemwita Kalondu. Nilikubali palepale bila kukuuliza, na hata leo sijutii, ila naogopa uso wako. Nilimwuliza Kavinya nikuambie nini. Akasema nikwambie kwamba jina limekwenda kwa mama asiyeweza kuja, na kwamba wewe anakutaka mwenyewe.

Barabara ikikauka, njoo. Leso nimeifua, upindo nimemwachia fundi wa nguo. Msalimie Immaculate, umwambie mtoto ana nywele nyingi, hilo linamtosha.

Ni mimi mwanao,
Mutiso.