Mama, Tumelifungua Sanduku Lako

Mama, mwaka umetimia leo tangu tulipokukuta sakafuni katika chumba chako cha kazi, miwani bado usoni na aproni ya bluu kiunoni. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi alasiri. Daktari alikuja, akapima, akasema moyo umesimama. Hakusema kwa nini ulisimama, na sisi hatukuthubutu kumuuliza, kwa sababu mezani amplifaya yako ya nne, sanduku la umeme la kukuzia sauti ya gitaa, ilikuwa imelazwa kifudifudi, matumbo yote nje.

Wengi wanaosoma tangazo hili la kumbukumbu walikujua kwa cherehani. Miaka thelathini ulishona sare za shule, na mzazi aliyeleta kitambaa pungufu ulimrudisha nacho, awe nani. Lakini miaka yako sita ya mwisho ulikuwa fundi wa kitu kingine, na hicho ndicho kilichotukosesha amani mwaka mzima.

Kisa kilianzia kwa Baba. Alikuwa akipiga gitaa harusini tangu kabla hamjaoana, na amplifaya yake kuukuu, ile ya zamani inayokuza sauti kwa taa za kioo, ikamzimikia katikati ya wimbo maharusi wakiwa wamesimama. Fundi redio wa mtaani kwetu aliifungua, akaifunga, akasema, "Hii ni ya kuzika, mama. Siku hizi hakuna anayehangaika na taa." Ukamjibu, "Hata cherehani yangu waliniambia hivyo hivyo, na ndiyo iliyoshona hiyo suruali yako." Ukarudi nayo nyumbani umeibeba kichwani.

Ulikuwa na miaka hamsini na minne, na volti hukujua ni mnyama gani. Ulimganda fundi yule mpaka akakuazima kitabu chake cha chuo, ukawa unakisoma jikoni penseli ikiwa sikioni, mboga zikiungua. Mchoro wa umeme uliusoma kama mchoro wa gauni: huku mkono, huku kola, hapa pindo. Amplifaya ya kwanza uliyoiunda ilinguruma tu. Ya pili ilikata umeme wa nyumba nzima, Baba akaenda kazini kanyoa ndevu upande mmoja. Ya tatu iliimba. Baba alipiga nyuzi mbili tatu, akaacha. "Mke wangu," akasema, "hivi nimekuoa mara ngapi?"

Tangu hapo hukushikika. Mtu akikuuliza umesomea wapi, ulisema umesomea kwenye kuharibu. Ulishikilia kwamba kitu hukijui mpaka ukiunde, kikushinde, ukivunje, ukiunde tena.

Mimi, kitinda mimba wako, nikawa mwanafunzi wako kila nikitoka kazini kwenye tanuri la mikate. Ulikuwa mkali. Kabla ya kugusa waya wowote, plagi ilitoka ukutani ikawekwa dirishani, tuione kwa macho. Mkono wa kushoto ulikaa mfukoni, ili umeme ukikupata usipate njia ya kupita kifuani. Ndiyo maana aproni zetu ulizishonea mfuko mmoja tu, upande wa kushoto, wenye kina hadi kiwiko. Na kazi haikufanywa na mtu mmoja. Wewe uligusisha ncha za mita ya kupimia umeme, mwingine alisoma namba kwa sauti. Kama sipo, ulimwita Baba kutoka sebuleni naye akaja akilalamika.

Kwa asiyejua, na aelewe hivi: amplifaya ya taa ina makopo yanayoitwa kapasita, na makopo hayo hubaki yamejaa umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Umeme huo unaua. Kwa hiyo fundi huweka kijipande kiitwacho rezista ili kiyamwage makopo polepole, kama tundu chini ya ndoo. Rezista ikiwepo, dakika moja inatosha. Isipokuwepo, sanduku linakungoja kimya.

Sasa Mama, niseme neno ambalo nimelimeza mwaka mzima.

Jumatano, siku mbili kabla ya ile Ijumaa, ulikuwa umekwenda kununua vifungo. Nikaikagua amplifaya ya nne, ile uliyokuwa ukimuundia Baba kwa kutimiza miaka sitini. Nikaona rezista ya kumwagia umeme imeanza kuwa nyeusi, inanuka. Nikaikata, nikaitia kwenye pochi yangu nikamwonyeshe fundi redio, anipatie iliyo nene zaidi. Hapo sikukosea. Nilikosea nilipoacha kuandika kwenye kile kipande cha boksi ulichokitundika ubavuni mwa sanduku, ambako kila tulichobadilisha kiliandikwa. Nikajiambia nitakwambia kwa mdomo. Alhamisi tanuri likaharibika, nikarudi nimechoka, nikalala. Ijumaa hukuwepo tena.

Mwaka mzima nimetembea na rezista ile ndani ya pochi. Nilikula na Baba meza moja. Nilimpelekea chai, nikamuuliza kama amelala vizuri. Yeye hakuligusa tena gitaa, nami nilijua kwa nini, au nilidhani najua. Nilikuwa nimemuua mke wake, kisha namwongezea sukari.

Shangazi alihamia kwetu baada ya mazishi ili kutushika mkono. Unamjua wifi yako, hana mlango mdomoni. Juma lililopita alisimama mbele ya chumba chako, funguo mkononi. "Kaka, hilo dude lilimuua wifi yangu. Jumatatu anapita mtu wa vyuma chakavu. Mwaka hauishi nalo humu ndani."

Baba akasema, "Fanyeni mnavyotaka."

Nikaona kwamba likiondoka, sitajua kwa hakika kilichokuua maisha yangu yote. Nikasema hapana, kwanza tulifungue. Shangazi akaniuliza kama nataka kumfuata mama yangu. Ndipo nikaitoa rezista kwenye pochi, nikaiweka juu ya meza ya chakula, nikawaeleza yote kama nilivyoyaandika hapa. Shangazi alishika kichwa. Baba aliitazama ile rezista, kitu kidogo kuliko punje ya maharage, hakunikemea wala hakuniambia pole. Alisema tu, "Jumapili asubuhi. Nitakusomea mita."

Jumapili tuliingia watatu. Kila kitu kilikuwa kama ulivyokiacha, vumbi tu ndilo jipya. Plagi ilikuwa dirishani. Chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya kilikuwa kimerudishwa kwenye kishikizo chake, swichi yake imezimwa. Nilivaa aproni, nikatia mkono wa kushoto mfukoni, nikainama na tochi nitafute ile nafasi tupu niliyoiacha mimi.

Haikuwa tupu, Mama. Palikuwa na rezista mpya, nene, na waya wake umezungushwa mara tatu kabla ya kutiwa risasi. Hakuna anayefunga hivyo ila wewe, maana ndivyo ulivyofunga uzi mwishoni mwa pindo. Kumbe uliona imeondolewa. Uliona, ukatafuta nyingine kwenye kopo lako, ukaiweka.

Lakini sikushangilia. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba kiungo kinachong'aa kinaweza kuwa hakishiki. Ingekuwa imeunganishwa kwa macho tu, bado makopo yangebaki yamejaa, na bado kosa lingekuwa langu, maana nisingeikata ya kwanza usingeiweka ya pili. Nikazichomoa taa zote, kwa kuwa taa zikipata moto nazo hunyonya umeme, na mimi nilitaka rezista peke yake ijibu. Nikapitisha umeme kwanza kwenye balbu, uingie kidogo kidogo baada ya sanduku kulala mwaka, kisha nikaitoa balbu. Ncha moja ya mita nilikuwa nimeibana kwenye chuma cha sanduku; nyingine nikaishika kwa mkono mmoja.

"Soma, Baba."

"Mia nne na kumi na mbili."

Shangazi akaanza kusali chini kwa chini. Nilimwambia azime swichi ya ukutani, achomoe plagi, aiweke dirishani. Alifanya kwa ncha za vidole, uso ameugeuzia pembeni. Sasa umeme wa ukutani haukuwepo. Namba ikibaki pale juu, basi ni mimi.

"Soma."

"Mia nne na... mia tatu na tisini." Baba alisogeza miwani. "Mia tatu na hamsini. Inashuka."

"Usiniambie inashuka. Nisomee."

"Mia tatu. Mia mbili na sitini. Mia mbili. Mia moja na hamsini." Ncha ya mita ikateleza, namba ikapotea. Shangazi akaacha kusali. Nikaitafuta tena ile nukta, jasho likinitiririka machoni, na mkono wa kuyafuta upo mfukoni. "Arobaini," Baba akasema. "Ishirini na mbili. Kumi na moja. Nne."

"Soma tena."

"Moja. Moja kasoro. Ni sifuri, mwanangu. Ni sifuri."

Niliketi palepale sakafuni, nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. Sanduku halikukuua. Umeme ulikuwa umetoka, plagi iko dirishani, kazi imekwisha, chuma kimezimwa. Ulikuwa moyo, kama alivyosema daktari siku ya kwanza, na sisi tukamwona hajui kazi yake. Shangazi alinishika mabega akasema, "Haya, haya, yameisha." Nilitaka sana, Mama, uniambie mwenyewe kwamba niliacha kuandika kwenye boksi. Ungenigombeza Ijumaa ile jioni mpaka majirani wasikie, na ningelala usingizi mzuri.

Lakini Baba hakuja kukaa nasi. Alibaki amesimama mezani, bado anaitazama ile mita.

"Aliniita," akasema.

Shangazi akauliza nani.

"Mke wangu. Ile Ijumaa. Nilikuwa sebuleni nafunga nyuzi mpya kwenye gitaa. Akaniita mara mbili. Nikasema, 'Nakuja.' Nikamalizia uzi niliokuwa nao, kisha nikafunga na mwingine." Alizungumza taratibu, kama anayetoa ushahidi. "Mwaka mzima najua aliniita nikamsomee mita. Nikawa nasema, hakunisubiri, akagusa mwenyewe, umeme ukamkamata. Nikamlaumu kidogo hata yeye. Kumbe kazi alikuwa ameshamaliza. Hapakuwa na mita ya kusoma."

Nikamwambia, "Baba, hata ungekimbia, huenda isingesaidia."

"Huenda," akasema. "Lakini sikukimbia."

Mimi mzigo wangu ulikuwa umeniondoka dakika ile ile, nami nikauona ukikaa juu yake, na sikuwa na la kufanya.

Sanduku halijaondoka. Mtu wa vyuma chakavu alipita Jumatatu, Shangazi mwenyewe akamwambia amekosea nyumba. Nimerudisha taa zote mahali pake na inafanya kazi, Mama. Inatoa ile sauti nene uliyokuwa ukiitafuta. Baba ameisikia kutoka mlangoni, gitaa bado liko juu ya kabati.

Tangazo hili Baba ndiye aliyetaka liandikwe, na ndiye aliyetaka jambo lake liwemo, mbele ya watu. Amekwenda kaburini kwako mara nne, na mara zote nne alirudi bila kulisema. Kwa hiyo mimi nakuandikia kwa niaba yake, kwa maneno aliyonipa: uliita, akasikia, akasema anakuja, hakuja. Anakuomba umsamehe.

Unakumbukwa na mumeo. Na mwanao mkubwa aliye safarini, ambaye haya yote atayasoma hapa kwanza kabla hatujapata ujasiri wa kumpigia. Na wifi yako, ambaye sasa anafuta vumbi chumbani mwako kila asubuhi. Na wajukuu wako wawili, waliovaa sare ulizowashonea mpaka zikawabana. Na fundi redio, anayesema kitabu chake hakidai. Na mimi kitinda mimba wako.

Hakuna siku itakayopita tusikukumbuke, Mama.