Dokta mwenye nilichafua jina

…basi tuliachia pale mukwe wangu, bwana ya binti yangu, alikataa kusinya, kutia sahihi kwa karatasi ya kupasua. Ngoja nimalize kukurekodia hii sauti, ju leo siku ya nne mvua haiachi, niko peke yangu kwa banki ya kukalia ya lopitali na telefone na kitenge kipya. Banasema mutoto akitoka bataniita nilete kitenge ya kumufunga.

Furaha, mutoto wangu, uchungu wa kuzaa ulimukamata jana kule kambini. Tangu tukimbie Kibumba tunalala chini ya shitingi ya plastiki. Leo banasema mutoto wa tumboni amekaa vibaya, lazima kupasua.

Na dokta wa kupasua ni mwanamuke. Namujua! Ni wa mutaa ya Majengo, nilikuwa nashusha viazi kwa mulango ya kwao akiwa angali kwa masomo.

Mama yangu alizalisha banamuke mu kambi ya wakimbizi, vita ya zamani. Hesabu haijulikane. Lakini dokta mwanaume akiingia, mama njo anatumwa maji. Mwanamuke alikuwa wa kushika beseni, basi.

Ju ya ile nilicheka huyu binti mwenye alikuwa anasomea udokta. Nilizunguka na viazi yangu nikisema: "Ule? Hajui kitu! Ma-point anapewa na maprofesa, na munajua anawalipa na nini." Batu bakacheka, bakanunua.

Sikuona kitu. Niliitunga.

Leo dokta analeta karatasi, mukwe anakunja mikono.

"Mama, si njo wewe ulituambia huyu hajui kazi? Nisinye aniulie bibi?"

Dokta akasikia yote. Badala ya kusema ukweli, nikamutuma mukwe atafute dokta mwanaume. Akazunguka lopitali yote. Hakuna, bengine balikimbia vita.

Masaa mbili ikapita vile. Furaha akaacha kulalamika. Njo kile kiliniogopesha.

Nikapiga magoti mbele ya mukwe, kitu mama mukwe hafanyake. "Nilidanganya, papa. Sinya."

Akasinya. Dokta akaniangalia tu: "Mama wa viazi, ya jina langu tutaongea nyuma ya kupasua. Saa imeenda."

Saa imeenda. Ile neno inanikaa kwa kifua. Kama ningesema ukweli mara moja…

Kitenge ni ya manjano, ya picha za ndege. Nimeikunja mara tano, naikunjua. Mutoto akiwa binti ninamupa jina ya dok—

Mulango inafunguka. Dokta mwenyewe, bila mask.

"Mama Furaha, kuya ndani mbio. Furaha anakuuliza. Kitenge acha kwanza."

Niache kitenge ju ya nini? Na mbona sisikii mutoto kulia?