Usisaini Lifti Ambayo Hujaipanda

Nyumba za Walimu wa Chuo,
Jengo la Tatu, Ghorofa ya Pili.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Bisibisi,

Salamu nyingi, na kabla ya lolote niambie mgongo wako unaendeleaje. Barua yako ya mwisho ilisema unalala sakafuni kwa amri ya daktari, kisha aya iliyofuata ukasema umepanda juu ya lifti ya ghorofa kumi na moja kubadilisha kebo. Sasa nimwamini nani, mgonjwa au fundi? Wifi naye, mafua yamemwachia? Na Mama, je, ile miwani mpya ameizoea, au bado anaivaa kwenye paji la uso na kuitafuta nyumba nzima?

Sisi huku tu wazima. Shemeji yako ameacha sukari kwenye chai, na mimi nikikoroga yangu ananitazama kama vile nakula urithi wake. Mpwa wako ameiteka meza ya jikoni na vitabu vyake vya uuguzi, tunakula sahani zikiwa magotini. Presha yangu imeshuka, ila nitakayokueleza huenda yakaipandisha tena, kwa hiyo soma taratibu na usinicheke mpaka mwisho.

Uliniuliza yale mabishano ya chuoni yaliishia wapi. Kwa kifupi, uongozi umeamua kwamba sisi maprofesa wenye ajira ya kudumu, ambao tangu tuthibitishwe hakuna aliyetuuliza tunafanya nini, sasa tutapimwa kila baada ya miaka mitano. Mwenzako wa idara anaingia darasani kwako mara moja, anajaza fomu juu yako, anatia saini. Basi. Lakini ungetusikia! Kikao cha kwanza kilichukua saa mbili na nusu, na saa nzima kati ya hizo tuligombania neno. Uongozi uliandika "ukaguzi". Yule mzee wetu tunayemwita Mzee Tanbihi, kwa kuwa hawezi kusema sentensi bila kuifafanua upya, akasimama: "Yanayokaguliwa ni matairi na magunia. Mimi hukaguliwa na wakati." Mhadhiri mmoja kijana, ambaye bado yuko kwenye mikataba ya mwaka mmoja mmoja, akamjibu kutoka nyuma, "Mzee, wakati wenyewe ulishapita ukakuacha." Tukacheka, tukanuniana, tukapiga kura, ikawa "tathmini". Mtu yuleyule, kabadilisha shati tu.

Mimi nilipinga, na unajua ninavyopinga. Nilisema ajira ya kudumu haikuwekwa ili tulale. Iliwekwa ili mtu awaambie wakubwa ukweli bila kuiogopa kesho. Ukimpa mkubwa rula ya kunipima, nilisema, siku nitakayomuudhi atanikuta mfupi. Makofi yalipigwa, na kila neno bado naliamini. Ila nilipoketi, wale vijana wa mikataba walikuwa wananitazama, nami nilijua wanachowaza: hawa wanaowapa wanafunzi alama kila muhula, wao wakiguswa wanalia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tulishindwa kwa kura nne. Kisha uongozi ukatupaka asali midomoni: atakayepata alama za juu katika kila idara atapewa likizo ya utafiti, mwaka mzima bila kufundisha. Mwaka mzima, Bisibisi! Unajua kitabu changu kimekwama sura ya tatu tangu mpwa wako akiwa shule ya msingi. Niliutaka mwaka ule mpaka nikaanza kuuota. Na katika idara yetu ya historia wa kuugombea tulikuwa wawili tu, mimi na Kipaza.

Kipaza nimeshakutajia, labda mara nyingi mno. Shemeji yako husema, "Mke wangu, huyo bwana unamtaja kuliko unavyonitaja mimi." Tuliajiriwa siku moja, na milango ya ofisi zetu inatazamana. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu hahitaji kipaza sauti. Mimi wananiita Mama Pingamizi, na sijawauliza kwa nini. Nje ya mlango wake hukaa sakafuni, migongo ukutani, wakimsubiri. Nje ya mlango wangu niliwanunulia benchi. Benchi lile ni jipya mpaka leo.

Kila Jumanne tunafundisha katika kumbi zinazopakana, na ukuta wa katikati ni mbao tupu. Niko ndani ya jambo zito, mara upande wa pili darasa zima linaangua kicheko. Wanafunzi wangu hutabasamu kidogo, kama watu waliokosa mwaliko wa harusi. Nilijiambia huyo ni mchekeshaji. Mimi nafundisha, yeye anatumbuiza. Nimesoma vitabu mara tatu ya alivyosoma yeye, na kama dunia ingekuwa na mizani ya haki, benchi langu ndilo lingejaa. Haya, nimeshasema. Huo ni wivu, ndugu yangu, na sina jina zuri zaidi la kuupa.

Ikapigwa kura ya kuokota vikaratasi, nani ampime nani. Wa kumpima Kipaza akawa mimi. Mkuu wa idara alinipa fomu ndani ya bahasha akasema, "Najua utamtendea haki, Mama," nami nikaitikia kama malaika.

Fomu ina visanduku vitatu: hajatimiza matarajio, ametimiza, amezidi. Nilimwekea vema kwenye "ametimiza" toka juu mpaka chini, bila kunyanyua mkono. Hakuna ambaye angenilaumu, kwani sikumtukana. Kwenye maoni nikaandika: "Mwalimu mchangamfu. Kina cha masomo yake kingeweza kuongezwa." Sumu ya kijiko cha chai, haina hata harufu. Chini palikuwa na mstari wa kujaza tarehe uliyohudhuria mhadhara wake. Sikuwa nimehudhuria. Nikaandika ya Jumanne iliyopita. Si nilimsikia ukutani? Jumatatu asubuhi nikaipeleka masijala, karani akaigonga muhuri, nikashuka ngazi mwepesi kama niliyetua mzigo.

Jumatano ikafika barua yako. Ulikuwa unanisimulia habari za mwenzako kazini, yule aliyejaza kadi ya ukaguzi akiwa ameketi kwenye chumba cha mlinzi, na lifti ikaja kukwama na watu sita kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Ukaandika, bila hata kunifikiria, kwamba msimamizi wenu wa zamani aliwafundisha sheria moja tu: usisaini lifti ambayo hujaipanda. Niliisoma nimesimama jikoni. Mpwa wako akainua uso vitabuni. "Mama, mjomba kafiwa?" Nikamwambia hapana, mjomba amenipiga kofi kutoka mbali.

Alhamisi saa mbili asubuhi nikaingia darasani kwa Kipaza, nikakaa nyuma kabisa na daftari langu. Sitakuficha: nilikwenda nikiomba awe mbovu, nirudi na donge langu na ushahidi juu yake. Aliponiona alishtuka kidogo. "Leo tuna mgeni mkali, kaeni sawasawa," akawaambia, akaendelea.

Kumbe ana mtindo wake. Kila juma huficha kosa moja ndani ya mhadhara, na juma linalofuata wanafunzi humkamata. Binti mmoja wa mstari wa mbele akasimama. "Profesa, ulisema wapagazi waliandika malalamiko kuhusu ushuru wa daraja mwaka ule. Daraja lilijengwa miaka miwili baadaye. Sasa walilalamikia ushuru wa daraja ambalo halipo?"

Kipaza akafunua makaratasi yake, akayatazama kwa muda. Kisha akasema, "Hilo sikulificha. Hilo nimekosea kweli."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Yeye akacheka kuliko wote, akafuta tarehe yake ubaoni na kumpa yule binti chaki. "Andika na jina lako pembeni," akamwambia, "ili nikirudia mwakani watu wajue nani alinifunza."

Kilikuwa kicheko kilekile, Bisibisi, kile cha ukutani. Hawakuwa wakicheka mzaha wowote. Walicheka kwa kuwa wamemkamata mwalimu wao, na mwalimu amefurahi kukamatwa. Mimi nina miaka ishirini na sita darasani na sijawahi kusema "nimekosea" mbele ya mwanafunzi. Si kwamba sijakosea. Na usidhani wivu ulipungua pale. Uliongezeka, ila safari hii ulijua unachokitaka. Waliouita wivu kijicho walijua wanalosema. Huyu mtu nimemtazama kwa kijicho tangu tuajiriwe, na sikuwahi kumtazama kwa macho.

Mwisho wa kurudisha fomu ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Saa tatu nilikuwa dirishani pale masijala nikiomba yangu. Karani, mama mmoja asiyemwogopa profesa wala mkuu wa chuo, hakuinua hata uso.

"Ikishapigwa muhuri haitoki."

"Dada yangu, fomu ni yangu."

"Ilikuwa yako, Profesa. Sasa ni ya jalada."

"Nataka kuirekebisha tu."

"Kurekebisha kupo. Andika barua useme umekosea nini, nikupe nyingine."

"Lazima niliandike hilo neno?"

Hapo akanitazama. "Kama hukukosea, unarekebisha nini?"

Mimi mwenye makala sijui ngapi za kuwakosoa walio hai na waliokufa, nilisimama na kalamu dirishani kama mtahiniwa aliyesahau kusoma. Nyuma yangu foleni ikaanza kukohoa. Mwishowe nikaandika: "Nilijaza tarehe ya mhadhara ambao sikuhudhuria. Nilitoa alama kabla ya kuona. Nimekosea." Karani akaisoma, akaigonga muhuri, IMEPOKELEWA. Hata kosa langu sasa lina nambari ya jalada.

Fomu mpya niliijaza palepale. Ufundishaji nikaweka "amezidi". Utafiti nikaacha "ametimiza", kwa sababu utafiti wake ni wa kawaida na huo ndio ukweli, kwa hiyo usinivishe utakatifu. Alasiri mkuu wa idara akaniita na kuniuliza kama najua nilichofanya. Nikamwambia hesabu najua. "Basi likizo ni yake, Mama." Alitaka pia kuichana ile barua yangu, eti kunistahi. Nikamkatalia.

Kikao kijacho nitaisoma mbele ya wote. Bado nasema tathmini iliyojazwa na mtu asiyeingia darasani ni uongo wenye muhuri, na sasa ushahidi ninao kwa mwandiko wangu mwenyewe. Mzee Tanbihi atasema nimewauza. Aseme. Tulipiga kelele juu ya wakubwa na rula zao, na hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyemtaja jirani wa mlango wa pili mwenye kalamu na donge moyoni. Kinyozi hajinyoi, ni kweli, lakini angalau amtazame anayemnyoa.

Tafadhali usinipongeze. Ijumaa jioni nilimsikia Kipaza akimwambia mkewe kwenye simu kwamba amepata mwaka mzima. Ile sauti, Mungu amsamehe, haijui kunong'ona. Nilijibanza ofisini nikisubiri aondoke ili nisimpe mkono. Wapi! Akavuka ujia, akaketi kwenye benchi langu, mtu wa kwanza kulikalia tangu nilinunue.

"Lina kelele hili," akasema.

"Halijazoea watu."

Akacheka, nami nikajikuta nacheka, ingawa moyoni mwaka wangu ulikuwa unachomwa moto. Ndipo akaniomba nimshikie darasa la Alhamisi atakapokuwa likizo. Nikamwambia nitafikiri. Nafikiri mpaka sasa. Nimeanza kutafuta kosa la kuficha, mdogo wangu, na kosa kulipata si kazi. Kazi ni kusimama pale ubaoni na kumpa mtoto wa watu chaki.

Nisalimie wifi, mwambie kitambaa chake kimefika na rangi imenipendeza kuliko nilivyotarajia. Watoto wabusu wote, na yule anayezifungua redio zenu vipande vipande umwambie shangazi anamtetea. Fundi mwenzako, yule wa chumba cha mlinzi, mpe pole yangu. Mwambie ana ndugu huku ambaye hamjui.

Mama najua atauliza. Tangu darasa la kwanza hajawahi kutuuliza tumejifunza nini, huuliza tumekuwa wa ngapi. Mwambie safari hii mwanawe amekuwa wa pili, na roho inamuuma. Halafu, akishaguna na kutafuta miwani, mwambie lifti nimeipanda.

Mungu aushike mgongo wako, na kila mlango unaoufungua ukukute kwenye ghorofa uliyoikusudia.

Wako akupendaye na kukuonea wivu kwa sheria yako moja,
Dada yako,
Mama Pingamizi